Turubai halina tundu, mbona nimeamka nimelowa?

Mbeba Begi:
Wakuu, salaam. Nimejitengenezea kibanda cha kulalia porini. Turubai la plastiki mita 3 kwa 3, kamba ya nailoni kati ya miti miwili, vigingi sita vya nondo. Nikalishusha pande zote hadi chini ili baridi isiingie. Usiku mvua ikapiga rasharasha tu, lakini alfajiri blanketi chepechepe, matone yamejaa upande wa ndani, na kichwani maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kamba. Turubai nimelimulika na tochi, tundu hakuna! Upepo nao umechana pete ya pembeni. Safari ijayo hakuna miti, nataka nguzo za kubeba. Nimefikiria pia kuingiza jiko dogo la mkaa likaushe unyevu. Mke wangu anasema ninunue hema niache ubishi.

Fundi Fundo:
Jiko usiingize kabisa. Mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, na aliyelala haamki.

Hayo matone ya ndani ni pumzi zako mwenyewe, mkuu. Plastiki haipitishi mvuke. Ukijifungia, mvuke huo unagota kwenye turubai lililopoa na kugeuka maji. Acha ukingo wa chini uelee shubiri moja juu ya ardhi na mbele pabaki wazi, upepo uupe mgongo. Baridi pambana nayo chini, kwa godoro la sponji, maana ardhi ndiyo inayokunyonya joto.

Ya kichwani yamefuata kamba kutoka mtini. Funga uzi kwenye kamba, kiganja kimoja kabla ya turubai, mkia uning'inie. Maji yakifika hapo yanashuka na uzi. Kidude cha kijinga, ila kimeniokoa mara nyingi kuliko turubai lenyewe.

Pete achana nayo. Weka kijiwe laini chenye ukubwa wa golori ndani ya pembe, likunje juu yake, kaba shingo kwa kamba. Hapo nguvu haivuti tundu moja tena. Langu limebaki na pete mbili za kiwandani, kwingine kote ni vijiwe.

Mlala Nje:
Naongezea: nailoni ikilowa inarefuka, ndiyo maana unaliwamba jioni na usiku linalegea. Tafuta kamba ya poliesta. Vigingi vichomeke vikiwa vimelala, kichwa kikitazama nje ya kibanda.

Fundi Fundo:
Kweli, nailoni nilisahau. Kuhusu nguzo: bomba la plastiki likate vipande vya sentimita 60, uunganishe kwa kijiti cha mbao ngumu ndani, kikae kwa kubana. Vipande viwili vinakupa mita 1.2. Turubai lako likikunjwa katikati kila ubavu una mita 1.5, kwa hiyo chini utapata upana wa mita 1.8. Ukishusha mgongo wa turubai hadi mita 1 utapata kama 2.2, ila utavaa suruali ukiwa umelala. Ukitaka ukingo uelee, nguzo nazo zipande kiasi hicho hicho. Kila nguzo ivutwe kwa kamba mbili, zifunguke kama miguu ya panzi.

Mbeba Begi:
Nimelijaribu uani jana, nikamwagia kamba maji kwa ndoo. Uzi umefanya kazi! Bomba langu ni jembamba mno, limepinda kama upinde, natafuta nene. Mke alichungulia, akauliza kama wawili wanaenea.