Rimoti ya Wii, kale kamkono kamelala upande kenyewe, naomba msaada (niko Lamu)

mtoto_wa_langoni
Asalaam aleikum jamaa. Nina Wii ya zamani, ile mashine ya gemu ya Nintendo, mjomba alituletea miaka hiyo, sasa watoto wa dada wako likizo nkaona niifufue wacheze. Rimoti inawaka, vitufe vyote vinashika, lakini kale kamkono ka kuelekezea kwenye tivii kamelala upande wa kulia hata nikiishika rimoti sawasawa, na kwenye tenis mchezaji anapiga ovyo ama hapigi kabisa. Betri nimeweka mpya mara mbili. Ilikaa kabatini kama miaka miwili na betri zake ndani, na sisi tuko mbele kabisa ya bahari, chumvi inaingia mpaka kwenye masanduku ya nguo. Fundi mmoja kaniambia tupa. Mimi sitaki kuitupa wallahi, hii tumekulia nayo. Naanzia wapi?

fundi_mokowe
Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiitupe. Hiyo rimoti ina macho na ina mizani, watu huvichanganya. Macho ni kamera ya infraredi pale mbele nyuma ya plastiki nyeusi, inaangalia ile baa ya juu ya tivii. Baa yenyewe haipeleki habari yoyote kwa mashine, ni taa tu ambazo jicho halizioni, ndio maana hata mishumaa miwili ukiiwasha imeachana kama sentimita 20 inafanya kazi ile ile. Mizani ni chipu ndogo karibu na kitufe cha A, ndani yake kuna kauzito kadogo sana kamekaa kwenye springi, kakisogea ndo mashine inajua umeinamisha ama umerusha mkono. Kwako mkono unaonekana kwenye skrini ila umelala, basi macho ni mazima, mgonjwa ni mizani, kauzito kamekwama.

Toa betri, rudisha, iunganishe upya kwa kile kitufe chekundu chini ya kifuniko cha betri na kile cha kwenye mashine ndani ya kamlango ka SD kadi. Halafu ilaze kifudifudi, vitufe chini, mezani, uiache sekunde kadhaa bila kuigusa.

pwani_geemu_mld
Mimi huku Malindi yangu ilikuwa hivyo hivyo, nkaishika nkaigongesha kwenye kiganja upande wa vitufe mara nne tano, gonga la nguvu kiasi, kauzito kakaachia. Kwenye kiganja lakini, sio kwenye meza.

binti_shela
Kaka kabla hujagonga fungua kifuniko cha betri uangalie zile springi. Betri miaka miwili ndani, na hewa yetu hii! Ukiona ungaunga mweupe na betri zilikuwa za alkalaini, chovya pamba kwenye ndimu au siki, pangusa, halafu pitisha spiriti ikauke kabisa. Ukiwa na kutu ya kijani sugua taratibu na msasa laini. Ikibidi uifungue yote, kuna skrubu nne za meno matatu, bisibisi ya kawaida itazila, tafuta seti ndogo ya mafundi wa simu. Kule mbele kumeshikwa na klipu za plastiki, usivute kwa hasira zinavunjika. Ndani tumia spiriti tu, ndimu usiifikishe kwenye bodi.

mtoto_wa_langoni
Nimerudi. Dada wa Shela ulisema kweli, springi moja ilikuwa nyeupe tupu, nimesafisha kwa ndimu na spiriti. Kulaza kifudifudi hakukusaidia, mkono ukabaki vile vile, nikaigonga kwenye kiganja kama mara sita hivi na ya saba mkono ukasimama wima, watoto walipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini. Tenis inapiga sasa. Nawashukuru sana, Mungu awape afya. Betri nitakuwa nazitoa kila tukimaliza. Imebaki spika yake ndogo inakwaruza, hiyo nayo ni chumvi ama imeshakufa?

fundi_mokowe
Mara nyingi ni chumvi na vumbi. Ukipata ile bisibisi ifungue, pitisha brashi kavu ya meno juu ya spika polepole, kisha utuambie.