Nimerithi IRA ya mama hapa Marekani, nataka kuigeuza dhahabu. Naomba ushauri kabla ya Desemba 31

Binti wa Tukuyu

Wakuu, heshima zenu. Naandika kutoka Minnesota. Mama yangu alifariki Mei 2024 akiwa na miaka 75. Alihudumia wazee kwenye nyumba za matunzo zaidi ya miaka ishirini, nyingi zikiwa zamu za usiku, na kila mshahara alikuwa anatenga kidogo anaweka kwenye akaunti yake ya kustaafu, IRA, ambayo kodi yake hulipwa pesa zinapotoka. Mrithi aliyeandikwa ni mimi peke yangu. Mwisho wa 2024 ilikuwa na dola 84,000. Mwaka huu wa 2025 nimetimiza miaka 50, na akaunti sijaigusa.

Mama alikuwa na bangili mbili za dhahabu. Nilipoingia sekondari aliuza ya kwanza, mdogo wangu alipoingia akauza ya pili. Nimekua nikijua dhahabu ndiyo inayokuokoa siku mbaya, na sasa Oktoba hii bei imepita dola 4,000 kwa aunsi. Kuna kampuni inanipigia simu karibu kila siku. Wanasema niombe hundi kwa jina langu, niwape wao, wataniletea sarafu nyumbani niziweke kwenye kasiki. "Leo ndiyo siku ya mwisho ya ofa" nimeshaisikia mara tatu. Fomu zao ziko hapa mezani, sijasaini. Je, inaruhusiwa? Na kama inaruhusiwa, nianzie wapi?

Mzee wa Houston

Pole sana binti yangu. Hizo fomu usizisaini, hasa hapo pa hundi kwa jina lako.

Mimi nilirithi IRA ya kaka yangu mwaka 2021, dola 38,000. Niliomba hundi, nikaiweka benki, nikijua nina siku 60 za kuirudisha kwenye akaunti nyingine. Nilipokwenda kufungua hiyo akaunti, dada wa dirishani akanitazama kwa huruma akasema, mzee, siku 60 ni za mume au mke wa marehemu, ndugu hana. Januari ikaja fomu ya kodi 1099-R yenye kiasi chote, kikahesabiwa kuwa kipato changu cha mwaka mmoja. Deni la kodi nililipa kwa awamu mpaka 2023. Kosa lenyewe halirekebishiki. Hundi ikishatoka kwa jina lako, imetoka.

Mhasibu Ohio

Dada, pole kwa msiba. Nafanya kazi ya kodi na maswali haya yananijia kila msimu.

Dhahabu ndani ya IRA inaruhusiwa, hata ya kurithi, ila kwa njia moja. Unafungua IRA ya mrithi kwenye kampuni inayokubali madini, jina la mama likibaki kwenye akaunti pamoja na lako kama mrithi, halafu pesa zinahama kutoka kampuni hadi kampuni bila kupita mkononi mwako. Dhahabu iwe na usafi wa asilimia 99.5 au zaidi. Sarafu ya American Eagle imeruhusiwa kipekee na sheria ingawa ni karati 22, yaani chini ya usafi huo. Krugerrand ya Afrika Kusini, karati 22 hiyohiyo, hairuhusiwi. Na lazima ishikwe na benki au mdhamini aliyeidhinishwa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Kwa hiyo hiyo kasiki ya nyumbani sahau. Novemba 2021 Mahakama ya Kodi iliamua kesi ya McNulty: mama wa Rhode Island aliweka sarafu za IRA yake nyumbani kwa kupitia kampuni aliyoifungua mwenyewe. Mahakama ikasema hizo ni pesa zilizotoka, lipa kodi. Wanaokupigia simu hawatakuwepo siku IRS wanakuandikia barua.

Sasa jambo ambalo naona hawajakwambia kabisa. Kwa sheria ya 2019 (SECURE), mtoto mtu mzima anayerithi ana miaka kumi. Mama alifariki 2024, basi akaunti iwe tupu ifikapo Desemba 31, 2034. Na kwa kuwa mama alishafikia umri wa kutoa kwa lazima, nawe unatakiwa kutoa kila mwaka kuanzia 2025, si kusubiri mwaka wa kumi. Kwa umri wako jedwali la IRS linatoa kigawanyo 36.2. Dola 84,000 gawa kwa 36.2 ni kama 2,320. Hizo zitoke kabla ya Desemba 31 hii. Ukichelewa, faini ni asilimia 25 ya kilichopungua, inashuka hadi 10 ukirekebisha mapema. Uliza pia kama mama alitoa kiasi chake cha lazima cha 2024 kabla hajafariki. Kama hakutoa, ni jukumu lako wewe.

Ona hapo dhahabu inapokwama. Kipande cha aunsi moja ni zaidi ya dola 4,000, wewe unatakiwa kutoa 2,320. Huwezi kukikata. Itabidi kila mwaka uuze kipande kizima kwa bei watakayokupa siku hiyo, au upewe sarafu yenyewe na ulipe kodi ya thamani yake yote kwa pesa za mfukoni.

Mama Zuhura, Dallas

Mimi ninayo IRA ya dhahabu, ya kwangu mwenyewe, si ya kurithi. Siijutii dhahabu, najutia nilivyoinunua. Waliniuzia sarafu za "toleo maalumu". Nilipotaka kuziuza miezi minne baadaye, soko likiwa palepale, walioniuzia walinipa bei ndogo mpaka nikakaa chini. Tena kuna ada ya akaunti kila mwaka na ada ya ghala, na hizo hazingoji bei ipande.

Mwanangu, wakikupigia tena waulize swali moja: nikinunua leo na kuwarudishia leoleo, mtanilipa ngapi? Waandike kwenye barua pepe. Mimi nilipowauliza hivyo mara ya pili, simu zilikoma.

Kijana wa Geita

Dada, kwa nini usitoe zote ukanunua huku? Tangu 2019 kuna soko rasmi la madini Geita, kila kitu kwa risiti.

Mhasibu Ohio

Kaka, soko ni halali kabisa, ila pesa zikitoka zote kwa mara moja dola 84,000 zinapanda juu ya mshahara wake wa mwaka huu, na kodi inakuwa kubwa. Na walio ughaibuni msitume pesa kwa mtu anayedai ana mzigo wa dhahabu Nairobi unasubiri "ushuru". Nimeshaona familia ikipoteza nyumba kwa hilo.

Dada, kama moyo unataka dhahabu, kuna mifuko ya uwekezaji wa dhahabu inayouzwa soko la hisa. Wa kwanza Marekani ulianza Novemba 2004. Unaiweka kwenye IRA hiyohiyo ya urithi, na ukitakiwa kutoa 2,320 unauza hisa za 2,320. Lakini isiwe zote. Dhahabu ilifika kama dola 1,900 mwaka 2011, ikashuka mpaka karibu 1,050 mwisho wa 2015, na kilele kile haikukipita mpaka 2020. Miaka tisa. Wewe una kumi tu, na kila mwaka lazima uuze kidogo hata kama bei iko chini.

Binti wa Tukuyu

Asanteni sana, sana. Leo asubuhi nimepiga simu kwenye kampuni ya akaunti ya mama. Cha 2024 hakuwa ametoa. Alikuwa mgonjwa. Wananitumia fomu ya kufungua akaunti ya mrithi hapohapo kwao, na vyote viwili vitatoka kabla ya Krismasi. Fomu za wale wengine nimezichana. Nitaweka sehemu ndogo kwenye mfuko wa dhahabu, na hundi ya mwaka huu ikishalipiwa kodi, nitanunua bangili moja.

Mhasibu, wameniuliza kama nataka wakate kodi. Nijibu nini?

Mhasibu Ohio

Usipojaza kitu watakata asilimia 10. Kwa mshahara wako huenda isitoshe. Nitumie ujumbe wa faragha ukiwa na W-2, fomu ya mshahara, ya mwaka jana mkononi, tupige hesabu kabla hujairudisha hiyo fomu.