Naomba ushauri: kazi moja, wasanii wanne, mauzo tunagawanaje?

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Tuko wanne hapa Dar: wachoraji wawili, mpiga picha na fundi wa batiki. Tulipanda treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma, njia iliyofika ziwani mwaka 1914, tukishukia Morogoro, Dodoma na Tabora. Tulibeba kitambaa kimoja cha kufanyia kazi sote, na kanuni yetu ilikuwa moja: kila kituo, kitambaa kinahamia kwa mwingine. Anayekipokea haruhusiwi kufuta cha mwenzake, anaongeza tu. (Kwa mchoraji, hilo ni gumu kuliko kulala umekaa kwenye behewa la daraja la tatu.)

Sasa tunaandaa maonyesho. Nafasi Art Space pale Mikocheni ndiyo chaguo langu, ingawa mwenzetu mmoja anang'ang'ania Makumbusho ya Taifa. Hilo tutalimaliza wenyewe.

Kinachotuumiza kichwa ni mauzo. Kitambaa kikinunuliwa, tugawane sawa hata kama mmoja alitia mistari michache tu? Mimi nasema ndiyo, maana bila mistari ile pengine wengine tungechora kitu tofauti kabisa. Fundi wa batiki hakubali. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inatambua kazi ya pamoja, lakini haitupangii bei wala saini ya nani itangulie. Na mtu akitaka kuchapa fulana, ruhusa anaomba kwa nani?

Mliowahi kufanya maonyesho ya kikundi, mliandikishana nini kabla ya ufunguzi? Mwenye mfano wa mkataba mfupi wa Kiswahili naomba anitumie.