Naomba ushauri: kuunganisha kanuni za Prolog na hatua za Python

Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, naandika programu ya kuwaonya wakulima wa viazi huku Umalila kuhusu bakajani chelewa, ugonjwa wa viazi. Natumia lugha mbili za programu: Python inasoma vipimo vya shambani na kutuma ujumbe. Prolog, inayofuata kanuni za mantiki, ndiyo inayokata shauri. Nimeanza na kigezo cha Smith cha Uingereza cha kutabiri ugonjwa huo: siku 2 mfululizo, joto la chini kabisa lisipungue nyuzi 10, na unyevu wa hewa ufikie asilimia 90 kwa saa 11 au zaidi kila siku.

Tatizo lipo kwenye mstari huu:

salama(S) :- \+ hatari(S).

Yaani shamba S ni salama kama hatari yake haithibitishiki. Kifaa cha kupimia kikizima usiku, hatari haithibitishiki, basi Prolog inajibu kuwa shamba ni salama. Hilo linanikosesha usingizi, maana mkulima ataacha kupiga dawa wakati ndiyo hasa anaihitaji.

Nilijaribu kuhamishia kila kitu Python. Inafanya kazi, ila haiwezi kumweleza mkulima kwa nini imeonya. Nikajaribu kuita utumaji wa ujumbe ndani ya kanuni. Prolog ikirudi nyuma kutafuta njia nyingine, ujumbe unatumwa tena, na uliokwisha kwenda haurudi.

Naombeni msaada kwa haya mawili:

Je, "sijui" niiwekee kanuni yake ndani ya Prolog, au Python ikague vipimo kwanza kabla ya kuuliza?

Na vitendo vyote nivitoe nje, Prolog ibaki kurudisha uamuzi na sababu zake tu? Aliyewahi kujenga mfumo wa namna hii anielekeze tafadhali.