Mjadala: Je, bei ya vyakula vya Forodhani iandikwe mezani?

Mleta mada:

Ndugu zangu, nimekula Forodhani, ile bustani ya kando ya bahari mjini Zanzibar inayouzwa vyakula jioni, mara nyingi tangu utotoni, lakini milo inayonijia akilini bila kuitafuta ni miwili tu, na huo wa pili ndio ulionifanya nilete hoja hii. Wa kwanza ulikuwa bakuli la urojo ambalo marehemu babu alininunulia jioni ya sikukuu, tukakaa kwenye ukuta wa bahari tukiwatazama vijana wakijirusha majini. Muuzaji alimwuliza babu habari za jamaa zake wa Makunduchi huku akitia kiazi, bajia, kachori na chatine ya nazi, kisha akafika kwangu na kunidondoshea pilipili kidogo sana, bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa aliona ninavyoitazama ile chupa. Uchachu wa embe mbichi na ndimu wa urojo ule bado ninao ulimini.

Mlo wa pili ulikuwa mwaka jana, nilipompeleka mwenzangu wa kazini kutoka Mwanza pamoja na mkewe, ambao hawakuwa wamewahi kuvuka bahari. Kijana mmoja alitupangia kwenye sahani mishikaki ya jodari, kamba na vipande vya pweza, na kila tulipouliza bei alijibu, “Kuleni kwanza, hatutashindwana.” Tulipomaliza alitaja jumla iliyowafanya wageni wangu watazamane, na pweza mwenyewe alikuwa mkavu na mgumu, wa kupashwa moto zaidi ya mara moja. Nililipa mimi, kwa aibu. Tangu siku hiyo mwenzangu anapowasimulia watu safari yake ya Unguja huanza na habari ya bei ile, kabla hajafika kwenye Ngome Kongwe wala bahari.

Bustani ile ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni na kufunguliwa upya mwaka 2009, ikawekewa taa, njia na mahali pa kukaa. Mahali pametengenezwa vizuri. Kilichobaki nyuma ni mapatano baina ya muuzaji na mlaji. Napendekeza kila meza iwe na ubao wa bei unaosomeka usiku, bei iwe moja kwa mwenyeji na kwa mgeni, na vya baharini vilazwe kwenye barafu hadi vinapochomwa. Mlo wa babu haukukumbukwa kwa sababu ya utamu peke yake. Ulikumbukwa kwa kuwa tulikula tukiwa tumetulia, na huwezi kutulia huku unahesabu moyoni utakachodaiwa.

Mchangiaji wa kwanza:

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyokufika, na sitamtetea kijana huyo. Hata hivyo mama yangu amesomesha watoto wanne kwa meza ya chakula, na ninaona pendekezo lako litamuumiza muuzaji mwaminifu kabla halijamgusa yule mlaghai.

Bei ya pweza haikai mahali pamoja. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana na miamba kubaki wazi, watu, wengi wao wanawake, hutoka kuwachokoa pweza kwa vijiti na vyuma, na pweza hujaa sokoni; maji mafu, yasiyokupwa sana, yakiingia huadimika, na mnadani hununuliwa kwa bei nyingine kabisa. Upepo wa kusi nao ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki, na jodari hupanda. Anayeandika bei moja ya mwaka mzima ama atakula hasara ama atauza samaki wa jana.

Kuhusu bei moja kwa wote, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Mama humpunguzia mwanafunzi anayekuja na sarafu zake, na jirani aliyefiwa humpakulia bila kumdai. Muuzaji aliyemwuliza babu yako habari za Makunduchi yumkini naye alimpunguzia. Ukaribu huo ndio uliokufanya ulikumbuke bakuli lile, na sasa unataka kuufungia kwenye ubao.

Mchangiaji wa pili:

Nimefanya kazi ya afya ya jamii kwa miaka kadhaa, nami nitasema juu ya barafu tu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, na kwamba kinachosubiri kuliwa kiwekwe ama katika moto wa zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi ama katika baridi ya chini ya nyuzi 5. Meza hupangwa kabla ya magharibi na wateja huja hadi saa nne usiku na zaidi. Mshikaki uliochomwa nusu kisha ukaachwa chini ya taa ili upendeze macho unaweza kuvuka kikomo hicho kabla ya isha.

Mleta mada:

Nashukuru, hasa kwa maelezo ya bamvua, ambayo sikuyafikiria na ambayo yananilazimu kuirekebisha hoja yangu. Ubao na uwe wa chaki, uandikwe upya kila alasiri baada ya mnada, ili bei ifuate bahari. Naondoa pia neno “bei moja”. Bei ya ubaoni iwe kikomo cha juu: muuzaji awe huru kushuka chini yake kwa mwanafunzi, kwa jirani, au kwa yeyote ambaye moyo wake umemwelekea, ila asipande juu yake kwa sababu mteja anaongea lafudhi ya bara au hajui Kiswahili. Hapo mama yako hapotezi chochote, ndugu yangu, kwa kuwa hisani yake yote ilikuwa ya kushuka.

Ambalo sijalipatia jibu ni nani ausimamie ubao huo. Wakuu wa mji wana mamlaka, lakini wauzaji wenyewe ndio wanaojua bei ya mnada ya siku hiyo na ndio wanaomfahamu kijana aliyetudai. Nakuomba umwulize mama: je, yeye na wenzake wangekubali kuisimamia kazi hiyo wao wenyewe?