Binamu yangu kamzulia mama yake kifo ili asilipe mkopo, wadhamini ndio tunaokatwa

Wanajamvi, nimeshindwa kunyamaza. Najua kuna watakaosema mambo ya nyumbani hayaanikwi nje. Akiba yangu ya miaka 4 imefagiliwa, kwa hivyo leo yataanikwa.

Mwaka jana binamu yangu alinijia sokoni Kongowea, kwenye viazi vyangu, na fomu ya Sacco mkononi. Anataka shilingi 240,000 anunue tuktuk iliyokwishatumika. Ni mtoto wa khalati yangu, dada ya mamangu, tumekula sahani moja tangu utotoni. Nikatia sahihi, mimi na wadhamini wengine watatu. Akalipa miezi 5. Wa sita, kimya.

Uongo ulianza mdogo mdogo. Ukipiga simu anapokea mtoto: "Baba ameiacha nyumbani." Kisha laini ikazimwa. Kisha tukaambiwa tuktuk imeibwa Mtwapa, na kumbe mdhamini mwenzetu ameiona Likoni karibu na feri, imepigwa rangi nyingine, rafiki yake ndiye anayeiendesha. Kisauni alikokuwa amepanga akahama usiku, mwenye nyumba naye akaachwa na kodi yake. Halafu ndipo akamwandikia afisa wa mikopo ujumbe: mamangu amefariki, nipeni muda nimzike.

Khalati yangu yu hai. Anakaa Majengo.

Yule afisa ni msichana mdogo, ana adabu zake. Aliwachangisha wenzake ofisini, akaja Majengo na bahasha ya rambirambi na sukari kilo mbili. Nilikuwako siku hiyo, nilikuwa nimempelekea khalati samaki. Ameketi mkekani anachagua mchele, ungo uko mapajani. Msichana akapiga hodi, akavua viatu, akasema kwa sauti ya chini, "Poleni kwa msiba." Khalati akamkaribisha vizuri tu, kisha akamuuliza, "Msiba wa nani, mwanangu?"

Msichana akanitazama mimi. Akataja jina la marehemu.

Mchele ulimwagika mkeka mzima. Khalati hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Amenichuria," yaani ameniombea mabaya, akajilaza hapo hapo juu ya mchele. Ana presha. Usiku ule tulikuwa hospitali mpaka alfajiri, na hadi leo mtu akibisha mlango anauliza kwanza ni nani aliyekufa.

Sasa pesa. Mkopo ulikuwa umebaki 200,000. Sacco ikachukua kwanza akiba yake mwenyewe, 80,000. Zile 120,000 zilizobaki tukagawiwa wadhamini, 30,000 kila kichwa. Mimi hizo zilikuwa za ada ya binti yangu muhula ujao. Na msinilaumu kwamba sikusoma fomu, nilisoma. Nilijua mdhamini hukatwa mkopaji akishindwa. Sikujua nitakatwa kwa mtu ambaye hajashindwa, ana tuktuk inayoingiza pesa kila siku ng'ambo ya feri.

Kinachonichoma ni kwamba angekwenda tu ofisini akasema kazi imekuwa mbaya, wangempangia upya. Kuna mama katika Sacco hiyo hiyo, mumewe aliugua, akaenda akaeleza, wakampunguzia malipo ya mwezi na kumwongezea muda. Hakuna aliyemfuata kwake.

Kuna kijana hapa mtaani aliponisikia akacheka, akasema jamaa ni mjanja, Kenya mtu hafungwi kwa deni. Nilikwenda kwa wakili, nikaulizia. Ni kweli mahakama haimpeleki mtu jela eti kwa sababu ni maskini na hana cha kulipa. Lakini ukishahukumiwa ulipe, na hakimu akaridhika kwamba unataka kutoroka, au umeficha mali kwa hila baada ya kushtakiwa, au unacho na hutaki kutoa, anaweza kukufunga hadi miezi 6. Ukitoka, deni liko pale pale. Kwa hiyo mambo yale yale aliyoyafanya kukwepa, akiyarudia baada ya kushtakiwa, ndiyo yatakayomfikisha gereza la Shimo la Tewa. Tena anayedai ndiye hulipia chakula cha mfungwa wa deni. Yaani hata huko nimlishe mimi!

Na sisemi wadai wote ni watu wema. Tunakumbuka kampuni za mikopo ya simu zilivyokuwa zikimpigia mpaka mwajiri wako na mkweo kukutukana, hadi kanuni za Benki Kuu za 2022 zilipokataza. Mtu akiwakimbia wale ningemwelewa. Huyu amemkimbia msichana aliyeleta sukari.

Wadhamini wote wanne tumekubaliana kumshtaki Mahakama ya Madai Madogo, maana pale husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na huhitaji wakili. Aliyewahi kumshtaki ndugu yake pale Mombasa anieleze: mtu aliyehama usiku na kuzima laini mlimfikishiaje hati ya mahakama?

Khalati ananisihi ningoje. Ile sukari hajaifungua, iko juu ya kabati na bahasha juu yake. Juzi ameniuliza kama nitampeleka ofisini akairudishe mwenyewe, wamuone kwamba hajafa.