Mwanamke wa kwanza kujisimamia studio kwenye muziki wa kantri wa Marekani ni nani?

Mzee_wa_Gitaa: Wakuu habari za saa hizi. Tumebishana hapa kijiweni, wote tunawajua kina Dolly Parton na Loretta Lynn kwa kuimba na kutunga, ila je nani alikaa kwenye kiti cha prodyuza, yaani msimamizi wa kurekodi, akatengeneza albamu zake mwenyewe pale Nashville, makao makuu ya kantri? Maana naona majina ya wanaume tupu.

Binti_Banjo: Mkuu mtafute Gail Davies, mzaliwa wa Broken Bow, Oklahoma, 1948. Baba yake alikuwa mwanamuziki wa kantri, na kaka yake Ron ndiye aliyetunga It Ain't Easy ambayo hadi David Bowie aliirekodi. Gail alianzia Los Angeles akiimbia watu sauti za nyuma, huko ndo akafahamiana na mwimbaji Joni Mitchell na fundi wake wa sauti Henry Lewy, wakamfundisha kazi ya studio. Albamu yake ya kwanza, 1978, alisimamiwa na Tommy West, ila alipohamia lebo (kampuni ya kurekodi) ya Warner Bros akasimamia mwenyewe The Game, na ndani yake kuna wimbo Blue Heartache ulioingia kumi bora za kantri.

Chalii_wa_Kantri: Samahani dada, Dolly si alishaprodyuzi albamu yake New Harvest 1977?

Binti_Banjo: Kweli kabisa kaka, na heshima yake abaki nayo, lakini pale alikuwa pamoja na Gregg Perry. Gail alishika usukani peke yake. Na prodyuza si mtu wa kukaa tu anatikisa kichwa, ndo anayechagua nyimbo, anayeita wapiga ala, anayeamua gitaa lishuke hapa sauti ipande pale, na kama bajeti ya lebo imeisha anaulizwa yeye. Mwanamke kuwaambia wapigaji wakongwe "hapana, turudie" miaka ile ilikuwa vita jamani, ndo maana inaniuma sana akisahaulika.

Mama_Steel: Umesema vyema mwanangu. Ongezea kwamba 1990 aliajiriwa kama prodyuza na lebo aliyokuwa akiiongoza Jimmy Bowen, mwanamke wa kwanza Nashville kupata ajira hiyo, baadae akafungua lebo yake, Little Chickadee. Mie namsikilizia Grandma's Song, kaitunga mwenyewe.

Mzee_wa_Gitaa: Shukrani sana mama, naisaka sasa hivi.

Mama_Steel: Ukimaliza msikilize na mwanae, Chris Scruggs, mjukuu wa Earl Scruggs yule wa banjo, yuko kwenye bendi ya mwimbaji wa kantri Marty Stuart anapiga besi.